Samuel Smiles na Bwana Hakuna

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Samuel Smiles, mwandishi wa Uskoti wa karne ya 19, husemwa sana kuwa ni mhubiri wa kila mtu na lake. Mimi naona tumemdhulumu, na ili nieleze kwa nini, naomba nianzie kwenye kipindupindu.

Smiles alizaliwa Haddington, Uskoti, mwaka 1812. Alikuwa Edinburgh akisomea udaktari baba yake alipouawa na kipindupindu, mwaka 1832. Mama alibaki na kundi la watoto na duka. Akakaza kamba mpaka kijana akamaliza masomo. Lakini udaktari haukumshika. Alihamia Leeds, mji wa Uingereza, kuhariri gazeti, baadaye akawa katibu wa kampuni ya reli.

Huko Leeds vijana wa kazi za mikono walikuwa wakikutana jioni kufundishana kusoma, kuandika na kuhesabu. Anayejua kidogo alimfundisha asiyejua kabisa. Walipokuwa wengi wakapanga chumba ambacho watu walikikwepa, kwa sababu kiliwahi kuwa hospitali ya muda ya wagonjwa wa kipindupindu. Vijana hawakujali, wakaingia na meza zao. Humo ndimo Smiles alimozungumza nao mwaka 1845, na mazungumzo hayo yakazaa kitabu cha Self-Help, yaani Kujisaidia Mwenyewe, mwaka 1859. Nakala 20,000 ziliuzwa mwaka wa kwanza.

Sasa niambieni: chumba kile, na mwalimu ambaye jana tu alikuwa mwanafunzi, ni ubinafsi huo? Yeye mwenyewe, katika dibaji ya toleo la 1866, alisikitika kwamba jina la kitabu limewafanya watu wadhani anasifu uchoyo.

Aliandika pia maisha ya wahandisi, akiwemo George Stephenson wa reli, aliyejifunza kusoma akiwa kijana wa miaka kama 18. Lakini mimi hurudi zaidi kwenye kitabu chake cha Thrift, yaani Uwekaji Akiba, cha 1875. Humo anasema kipindupindu kikizuka tunaambiwa hakuna wa kulaumiwa. Basi anamgeuza huyo Hakuna kuwa mtu mwenye madhara ya kutisha: nani anatuletea maji machafu? Hakuna. Nani ameacha miji bila mitaro? Hakuna. Nani anachanganya uchafu kwenye chakula chetu? Ni huyo huyo Hakuna, na falsafa yake ni moja tu: yaacheni mambo yalivyo.

Smiles alipotoa kitabu hicho, tangu azikwe baba yake ilikuwa imepita miaka 43.