Mwani, Tope na Fomu ya Chuo: Mazungumzo Kuhusu Kusoma Tabianchi

BARAKA: Karibuni tena kipindini. Leo tuna swali moja tu, limetoka kwa msikilizaji wetu wa Tanga. Amemaliza kidato cha sita, PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, anasubiri dirisha la udahili lifunguliwe. Anasema anataka kusoma mabadiliko ya tabianchi na namna ya kuyatatua. Aombe shahada gani? Na baba yake anauliza: ukimaliza, utaajiriwa wapi? Dada Salma, wewe umepita huko.

SALMA: Nimepita, na nafurahi baba kauliza. Mie namwambia hivi: shahada ya kwanza, shika fani. Botania, uhandisi wa maji, sayansi ya hali ya hewa, uchumi, sheria, ile inayokuvuta kweli. Tabianchi uifuate ukiwa ndani ya fani hiyo. Uzamili ndio ukasome tabianchi yenyewe, kwa mfano pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wana kituo chao mahususi.

BARAKA: Si unamzungusha mtoto wa watu? Siku hizi zipo hata shahada za kwanza zenye jina hilo.

SALMA: Zipo, na aliyekwisha kuianza asiiache. Ila nikupe mfano wa mwani, maana huo ndio ulionifunza mie. Kilimo cha mwani wa biashara Unguja kilianza mwaka 1989, pwani ya mashariki, Paje na Jambiani. Maji yakitoka, kina mama wanashuka, wanapigilia vigingi mchangani, wanafunga kamba, na kwenye kamba wananing'iniza vipande vya mbegu. Aina ni mbili: kotonii na spinosamu. Kotonii ndiyo yenye bei, kwa sababu ya ute wake unaotumika viwandani. Na kotonii ndiyo isiyovumilia joto.

BARAKA: Joto la maji?

SALMA: La maji. Kaskazi ikiingia, jua likayapiga yale maji ya magotini, yanapita nyuzijoto 30. Mwani unageuka mweupe, unakatika, unaoza. Mama anarudi na kamba tupu. Sasa niambie, tatizo hili ni la idara gani? Mwanabiolojia atakueleza kwa nini unakufa, atakwambia uhamisheni kwenye kina, huko kuna ubaridi. Haya, ukihamia kwenye kina mawimbi yanaung'oa kambani. Hapo panataka ufundi. Dakta Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari amefanya kazi kubwa ya nyavu za mrija: mwani unakaa ndani ya wavu mrefu kama soksi, hausombwi. Vizuri. Lakini kwenye kina huendi kwa miguu, unataka boti. Boti ya nani, kwa mkopo wa nani? Huo ni uchumi. Na ukishapanda boti, kina mama wengi hawakufundishwa kuogelea.

BARAKA: Subhanallah. Hilo sikuwahi kulifikiria. Kwa hiyo darasa la kuogelea nalo ni suluhisho la tabianchi.

SALMA: Kwa yule mama, ndilo la kwanza. Na mwanafunzi aliyefika pale na jina la shahada tu, hana anachoweza kumsaidia. Najua kwa sababu mie mwenyewe nilifika na fomu ya maswali na kipimajoto. Nikapima wiki nzima. Bibi mmoja akanitazama, akaniuliza: "Mwanangu, hayo maji ukishayapima yatapoa?"

BARAKA: Ukamjibu nini?

SALMA: Sikuwa na jibu. Nilirudi kwa msimamizi wangu, tukaubadili utafiti. Badala ya kuandika tu kwamba maji yana joto, nikapima vilindi mbalimbali, saa mbalimbali, ili ijulikane kamba zihamie wapi. Kazi ile ile ya kipimajoto, lakini sasa inamjibu mtu.

BARAKA: Hapo umenigusa. Mimi nilisoma uhasibu, unajua. Lakini tulipokuwa chuo tulikwenda kupanda mikoko, kikundi kizima, fulana zinafanana, picha nyingi. Baada ya miezi miwili nikapita pale. Hakuna hata mmoja uliosimama.

SALMA: Mlipanda wapi?

BARAKA: Kwenye tope tupu upande wa bahari. Palikuwa peupe, tukaona panafaa.

SALMA: Na palikuwa na mikoko pale zamani?

BARAKA: Hapakuwa nayo.

SALMA: Ndipo mlipokosea. Mikoko si mti mmoja, Baraka. Mlilana ndio unaotangulia mbele, unapigwa na mawimbi. Nyuma yake mkoko wenyewe, ule wa mizizi kama miguu ya kaa. Halafu msinzi na mkandaa, na mchu unauona hata kule juu kwenye chumvi kali. Kila mti una muda wake wa kukaa majini. Mahali pakiwa peupe miaka yote, uliza kwanza kwa nini ni peupe. Wazee waliokuwa wakikata boriti wangewaambia pale pale, kabla hamjatoa miche kwenye gari.

BARAKA: Hatukuwauliza. Mzee mmoja alikuwa amekaa pembeni anatutazama, nadhani alisubiri tumuulize.

SALMA: Basi linganisha na Gazi, kusini ya Mombasa, kaunti ya Kwale. Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013. Wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanatunza hekta 117 za mikoko, hewa ya ukaa inayohifadhiwa mle inauzwa kama hati za kaboni kwa wanaotaka kufidia hewa wanayoichafua wao, na fedha zimeingia kwenye maji ya bomba na skuli. Nyuma ya mradi ule kuna miaka mingi ya wanasayansi kukanyaga tope. Unajua mkoko unapimwaje unene?

BARAKA: Si unazungusha futi kamba kifuani?

SALMA: Mti wa kawaida ndiyo, mita 1.3 kutoka chini. Mkoko una ile mizizi inayoanzia juu, kwa hiyo unapanda hadi sentimita 30 juu ya mzizi wa mwisho, ndipo unapima. Ukikosea hapo, hesabu yote ya kaboni ni uongo. Na sehemu kubwa ya kaboni haimo mtini hata kidogo, imo topeni. Tope lile halina oksijeni, majani na mizizi iliyokufa huchelewa sana kuoza, inazikwa pale karne kwa karne. Ndiyo maana kukata mikoko na kufukua tope lake ni hasara maradufu.

BARAKA: Na anayekagua hizo hati za kaboni anahitaji mhasibu.

SALMA: Umejipatia kazi! Na mwanasheria pia. Tanzania ilitunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kipo SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Kijiji kinapoletewa mkataba wa miaka 30, nani anausoma kwa niaba yao? Baba wa msikilizaji wetu asikie hili. Kazi zipo Mamlaka ya Hali ya Hewa, zipo kwenye bodi za maji za mabonde, halmashauri, benki zinazokopesha wakulima. Ila tangazo la kazi litataja fani, mara chache litataja tabianchi.

BARAKA: Na PCB yake inamtosha? Wengine wanaogopa hesabu.

SALMA: Asizikimbie. Mwanasayansi wa Sweden, Svante Arrhenius, alikokotoa kwa mkono, mwaka 1896, jinsi hewa ya ukaa inavyoweza kuipasha dunia. Mwaka 1958 pale Mauna Loa, Hawaii, vipimo vya hewa hiyo angani vilionesha kama sehemu 315 katika milioni. Leo zimepita 420. Asiyeweza kuusoma mchoro wa vipimo hivyo atakuwa anarudia maneno ya wenziwe. Takwimu asome, hata zikimtoa machozi.

BARAKA: Basi afanye nini wiki hii, kabla ya fomu?

SALMA: Yuko Tanga, ana bahari, ana mikoko, na mwani unalimwa. Ashuke ufukweni.

BARAKA: Siku yoyote?

SALMA: Hapana, asubiri bamvua, siku za maji kujaa na kutoka sana, mwezi ukiandama. Saa nne asubuhi maji yashatoka, atawakuta kina mama wanafunga kamba. Aombe kazi ya kubeba magunia, na fomu aiache nyumbani.