Seneta wa Jimbo Tusiyemjua: Russell Pearce na Sheria za Arizona

Wazee wetu, ndugu zangu, mabibi na mabwana.

Jambo hili nimelisema katika mikutano mingi na leo nalirudia bila kuomba radhi, kwa kuwa bado halijasikika. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuliofikishwa Arizona na vita, masomo au kazi, tuliotoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, kila baada ya miaka minne hukesha mbele ya televisheni kusubiri jina la rais wa Marekani, ilhali wengi wetu hatuwezi kumtaja hata mmoja kati ya watu watatu wanaotuwakilisha katika bunge la jimbo hapa Phoenix. Arizona ina maeneo 30 ya uchaguzi, na kila eneo huchagua seneta mmoja na wawakilishi wawili, wote kwa muda wa miaka miwili tu. Mshahara wao kwa muda mrefu umekuwa dola 24,000 kwa mwaka, na magazeti ya Washington hayawaandiki. Pamoja na hayo, mmoja wao aliwahi kuandaa sheria iliyoitikisa nchi nzima na kufika Mahakama ya Juu ya Marekani, naye ndiye nitakayemzungumzia.

Russell Pearce alizaliwa Mesa, hapa Arizona, mwaka 1947 na alifariki mwezi Januari mwaka 2023. Alikuwa muumini wa kanisa la Wamormoni, kama walivyo wengi katika mji huo ulioanzishwa nao. Alifanya kazi kwa zaidi ya miaka 20 katika ofisi ya sherifu, yaani mkuu wa polisi, wa wilaya ya Maricopa, ambako mwaka 1977 alipigwa risasi kifuani na mkononi akiwa kazini, kisha akapanda hadi kuwa naibu mkuu wa Sherifu Joe Arpaio. Mwanawe, naye askari wa ofisi hiyo hiyo, alipigwa risasi mwaka 2004 na mtu aliyekuwa nchini bila kibali, akapona. Nayataja haya kwa sababu wapo wanaopenda kumweleza Pearce kama mtu aliyeokota suala la uhamiaji ili apate kura. Hilo si kweli, na ukimpinga mtu kwa maelezo yasiyo ya kweli humjui unayeshindana naye. Aliamini aliyoyasema, akayasema waziwazi kabla ya kuchaguliwa, kisha akayatenda. Waliompa kura walijua wanachokipata. Tusiojua tulikuwa sisi.

Aliingia Baraza la Wawakilishi kwa uchaguzi wa mwaka 2000, kwa chama cha Republican. Katiba ya Arizona humruhusu mbunge vipindi vinne mfululizo katika baraza moja, kwa hiyo mwaka 2008 aligombea useneti akashinda. Tangu Januari 2003 gavana alikuwa Janet Napolitano wa chama cha Democratic, ambaye alipiga kura ya turufu dhidi ya miswada mingi ya uhamiaji. Pearce hakukata tamaa, kwa kuwa kanuni za jimbo huliruhusu bunge kulipeleka pendekezo moja kwa moja kwa wapiga kura bila saini ya gavana. Ndivyo lilivyopita mwaka 2006 pendekezo namba 100 la kuwanyima dhamana wasio na vibali wanaoshtakiwa kwa makosa makubwa, ingawa mahakama ya rufani ya shirikisho ililibatilisha miaka minane baadaye. Sheria ya mwaka 2007 ya kuwaadhibu waajiri wanaoajiri wasio na vibali, Napolitano mwenyewe aliitia saini.

Kisha Januari 2009 Napolitano akaondoka kwenda kuwa waziri katika serikali ya Obama. Wakati huo Arizona haikuwa na naibu gavana, kwa hiyo kiti kikamwendea Jan Brewer wa Republican, aliyekuwa katibu wa jimbo. Uteuzi wa waziri mmoja kule Washington ulitosha kuwafungulia njia Pearce na wenzake. Tarehe 16 Aprili 2010 Brewer alitia saini mswada wa Pearce wa kuruhusu watu wazima kubeba bunduki iliyofichwa bila kibali, na wiki moja baadaye, tarehe 23, akatia saini mswada SB 1070, ndiyo ile sheria ya Pearce niliyoitaja mwanzoni.

SB 1070 iliwataka polisi, wanapokuwa wamemsimamisha mtu kwa sababu nyingine halali na wakawa na shaka ya msingi kuhusu uhalali wake nchini, wachunguze hadhi yake ya uhamiaji. Ilifanya kutobeba hati za uhamiaji kuwa kosa la jimbo, na kuomba kazi bila kibali kuwa jinai. Mtaniambia kwamba mkimbizi mwenye hati zake hakuwa na la kuogopa. Mwenye hati aliyeziacha nyumbani akienda dukani alikuwa na la kuogopa, na shaka ya polisi barabarani huanzia kwa anachokiona na anachokisikia, nasi lafudhi zetu mnazijua. Mwezi Juni 2012 Mahakama ya Juu ilibatilisha vifungu vitatu kati ya vinne vilivyobishaniwa, lakini kile cha uchunguzi wa polisi ikakiacha kisimame.

Sasa nifike mahali ninapotaka mnisikilize zaidi. Januari 2011 Pearce aliingia katika kiti cha urais wa Seneti, na mwezi huo huo wananchi wa eneo lake, namba 18 huko Mesa, wakawasilisha ombi la kumwondoa kabla ya muda wake kwisha. Haki hiyo ni ya zamani. Mwaka 1911 Rais Taft alikataa kuipokea Arizona kama jimbo kwa sababu katiba yake iliruhusu wananchi kuwaondoa hata majaji. Arizona ikakifuta kipengele hicho, ikapokewa Februari 1912, na kabla mwaka haujaisha ikakirudisha. Ndugu zetu wa Kenya wanayo haki kama hiyo dhidi ya wabunge katika Ibara ya 104 ya Katiba ya mwaka 2010, lakini kuiandika haki na kuitumia ni kazi mbili tofauti.

Arizona hudai sahihi za robo ya kura zilizopigwa katika uchaguzi uliotangulia. Kwa Pearce robo hiyo ilikuwa sahihi 7,756. Pigeni hesabu wenyewe: waliopiga kura katika eneo lake walikuwa kama 31,000 tu. Mtu aliyegusa maisha ya mamilioni alichaguliwa na watu wanaoweza kuenea katika kiwanja kimoja cha mpira, na nafasi zikabaki. Waliotaka kumwondoa, wakiongozwa na mwanaharakati Randy Parraz na wenzake, wakiwamo Warepublican, walipeleka sahihi zaidi ya 18,000 mwishoni mwa Mei, na 10,365 zikathibitishwa. Pearce alipinga mahakamani, na Mahakama ya Juu ya Arizona ikakataa kuusimamisha uchaguzi. Akajitokeza mgombea wa tatu mwenye jina la Kihispania, ambaye jaji aliona kwamba aliingizwa na wafuasi wa Pearce ili kuzigawa kura, naye akajitoa mwezi Oktoba.

Tarehe 8 Novemba 2011 Pearce alishindwa, akawa mbunge wa kwanza wa Arizona kuondolewa kwa njia hiyo. Na aliyemshinda ni nani? Jerry Lewis, Mrepublican, Mmormoni, mhafidhina. Wanaotangaza kwamba siku ile uhafidhina ulianguka Mesa hawakutazama karatasi ya kura. Watu wa Mesa hawakubadili imani wala chama. Walichoka kuona uhamiaji ukitangulizwa mbele ya shule na ajira, katika mwaka ambao wakuu wa makampuni wapatao 60 wa jimbo hilo walikuwa wameandika barua kuliomba bunge liache miswada zaidi ya aina hiyo, na Seneti yenyewe, chini ya Pearce, ikaikataa mitano kwa siku moja mwezi Machi. Tena katika uchaguzi wa kumwondoa mtu hakuna mchujo wa chama, kwa hiyo kila mkazi aliyeandikishwa alichagua kati ya wagombea wote kwa siku moja. Mwaka uliofuata Pearce alirudi katika mchujo wa chama chake, akashindwa tena, na Bob Worsley.

Najua swali linalonisubiri: "Sisi wengine si raia, unatuambia nini?" Kwanza, asiye raia asithubutu kujiandikisha kupiga kura, kwani ni kosa linaloweza kumfanya arudishwe alikotoka, na asidanganywe na mtu anayemsogezea fomu barabarani. Pili, vikao vya kamati za bunge viko wazi kwa umma, na upo mfumo wa intaneti wa kuomba kuzungumza juu ya mswada au kutoa maoni yako. Tatu, watoto wetu waliozaliwa hapa ni raia, na wengi wamefikisha miaka 18 bila kuandikishwa. Hilo linanikera kuliko yote niliyoyasema leo.

Nilikusudia kueleza pia bajeti, kwa kuwa Pearce aliongoza kamati ya matumizi, lakini naonyeshwa saa, nami naliacha. Niseme moja tu. Machi 2024 Gavana Katie Hobbs wa Democratic alipiga kura ya turufu dhidi ya mswada wa kufanya kuvuka mpaka nje ya vituo rasmi kuwa kosa la jimbo. Pearce alikuwa amekwisha kufariki, lakini bunge lilipita njia ile ile ya mwaka 2006: likawapelekea wapiga kura jambo hilo kama pendekezo namba 314, nao Novemba mwaka huo wakalipitisha kwa zaidi ya asilimia 60. Katika karatasi hiyo hiyo ya kura yalikuwamo majina ya seneta na wawakilishi wawili wa eneo unamoishi.