Kabla hujauliza bei, usome mzinga

Haya jamani tuendelee, wa huko nyuma msiponisikia nipungieni mkono. Nimeombwa niongelee ukusanyaji wa mizinga ya shaba ya Waholanzi, ile ya melini, na najua wengi mmekuja kusikia bei, ila bei mie naiweka kando kwanza maana anayekimbilia bei ndo huyo anayeuziwa feki.

VOC, ile kampuni ya Waholanzi ya India Mashariki iliyoanza 1602, meli zake zilibeba zaidi mizinga ya chuma kwa sababu ilikuwa rahisi. Ya shaba, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na bati kidogo, ilikuwa ghali mno, lakini ilikuwa na raha zake bana: ikizidiwa baruti, mara nyingi inavimba kwanza, haipasukii watu usoni kama chuma, maji ya chumvi hayaimalizi, na ukiiweka karibu na dira haivuti sindano. Ubaya wake ni kwamba ikichakaa inayeyushwa inatengenezwa mingine, ndo maana ya kale imebaki michache, na kadhaa tunayo leo kwa sababu tu meli ilizama nayo.

Sasa tuusome. Juu ya mtutu wa mzinga utaona zile herufi V, O na C zimeshikana, na juu yake herufi nyingine ndogo: A ni tawi la Amsterdam, H ni Hoorn, E ni Enkhuizen. Katikati kuna vishikio viwili vyenye umbo la pomboo, vya kupitishia kamba wakati wa kuunyanyua. Huku kitakoni kuna jina la fundi na mwaka, kwa mfano Assuerus Koster wa Amsterdam, huyu ni wa karne ya 17, na hapohapo utakuta namba imechongwa, watu wengi wanaipita tu kumbe ndo tamu kuliko zote, ni uzito kwa ratili. Ratili ya Amsterdam ni kama gramu 494, kwa hiyo ukikuta 3,000 unaongelea kilo 1,480 hivi. Pima! Vile vimizinga vya kuweka mezani vyenye VOC na mwaka, vimejaa sokoni, ni mapambo ya juzijuzi tu, hata kama muuzaji anakuapia.

Na ukiambiwa umetoka baharini, omba makaratasi. VOC ilipovunjika 1799 mali yake ilikuwa imeshaingia mikononi mwa serikali ya Uholanzi, na Uholanzi inasema mabaki ya meli zile bado ni yake. Meli Batavia ilizama 1629 Australia Magharibi, ikapatikana 1963, watu wakaanza kugombania vitu vya meli hizi za Waholanzi, mpaka 1972 Uholanzi na Australia zikasaini makubaliano na vitu vikapelekwa makumbusho. Kwa hiyo mzinga usio na makaratasi, mie hata ungekuwa wa Koster mwenyewe siugusi.

Haya, maswali. Dada mwenye kitambaa cha bluu, anza wewe.