Kibali cha ujenzi Tanzania: anza na kiwanja, ramani ije baadaye

Angalia hapa chini, kuna kamba mbili. Hii ya bluu inapita ukuta wa nyumba yangu ulipo leo. Hii nyekundu inapita pale fundi alipokuwa amepiga vigingi siku ya kwanza, na jembe lilikuwa tayari mkononi. Kati yake hakuna hata mita moja na nusu. Hiyo mita moja na nusu ilinifanya nitupe ramani niliyoilipia na kuanza upya, kwa hiyo leo nakuonyesha njia niliyopaswa kuipita mwanzo.

Tunazungumzia kibali cha ujenzi kwa mtu anayejijengea nyumba ya kuishi, Tanzania Bara, ndani ya jiji, manispaa, mji au mji mdogo. Ndugu zetu wa Zanzibar mna sheria zenu. Mnaotazama kutoka Kenya, mlango wenu ni kaunti na NCA, mamlaka ya ujenzi ya huko. Fomu zitakuwa tofauti, ila mengi ya kuangalia kiwanjani yanafanana.

Kabla ya hatua ya kwanza, weka simu chini. Najua una picha ya nyumba umeihifadhi, ile yenye paa la kuficha na vioo vikubwa. Wengi wetu tunaanza hapo: tunanunua ramani ya vyumba vinne kwenye kundi la WhatsApp, tunamwita fundi, halafu ndiyo tunakwenda halmashauri kuomba wabariki tulichokwisha kuamua. Nyumba inatakiwa itoke kwenye kiwanja. Ukileta ramani ya mahali pengine ukailazimisha hapo, shida zote utakazosikia kwenye video hii zitakuwa zako.

Hatua ya kwanza: kisome kiwanja. Toa karatasi zako. Hati miliki au barua ya toleo, na ramani ya upimaji yenye namba za bikoni, yaani zile alama za zege zilizowekwa kwenye kona za mipaka. Hizi bikoni nenda ukazitafute kwa macho yako. Futa majani, chimba kidogo, hakikisha namba iliyo kwenye zege ndiyo iliyo kwenye karatasi. Ikikosekana hata moja, usikubali fundi akukadirie mpaka kwa kuangalia mti wa jirani. Mwite mpima ardhi airudishe.

Kama umenunua kwa mtu, fanya upekuzi rasmi kwenye ofisi ya msajili wa hati ujue jina lililosajiliwa ni la nani na kama pana mkopo wa benki juu yake. Nenda pia serikali ya mtaa. Mwenyekiti na mjumbe wanajua mambo yasiyoandikwa: kwamba maji ya mvua hupita hapo kila masika, kwamba ndugu wawili wa familia ya muuzaji hawasalimiani.

Halafu nenda kwa afisa mipango miji wa halmashauri, omba kuona mchoro wa mipango miji wa eneo lako. Hapo uliza matumizi ya kiwanja. Kama ni makazi, ni makazi. Zile fremu za maduka unazotaka kuziweka mbele ziingizie kodi zinahitaji kubadili matumizi ya ardhi kwanza, na huo ni mchakato wake peke yake. Ukipita mitaani utaona kila nyumba ya tatu ina fremu zimeota barazani, lakini siku ya operesheni ya bomoabomoa hakuna atakayekusikiliza ukisema mbona na yule.

Uliza pia barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaweka hifadhi ya mita 60 kwa barabara kuu na za mkoa, maana yake mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Ila usiikariri 30 ukaridhika nayo. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, na hifadhi iliyotumika pale ilikuwa takriban mita 121 kila upande. Watu walikuwa wameishi pale miaka mingi, wana umeme, wana maji. Kwa hiyo omba kuonyeshwa hifadhi ya barabara *yako*, kwenye mchoro.

Na kama uko karibu na bahari, ziwa au mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Waliobomolewa bonde la Msimbazi mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 wanaijua hiyo mita 60 kuliko mimi.

Kiwanja hakijapimwa? Basi video hii ni ndefu kwako kuliko kwa wengine. Muulize mtendaji wa mtaa kama eneo lenu liko kwenye urasimishaji wa makazi, yaani kupanga na kupima maeneo yaliyojengwa bila kupimwa, uingie huko kabla hujapeleka hata tripu moja ya mchanga. Leseni ya makazi ni kitu kizuri kuwa nacho, lakini ina muda wake, haina nguvu ya hati, na usidhani kwamba ukiwa nayo umeruhusiwa kujenga chochote popote.

Hatua ya pili ni hesabu, na ndiyo iliyonishinda mimi. Kila kiwanja kina umbali unaotakiwa kuuacha wazi kutoka mpakani: mbele, nyuma na pembeni. Wengine wanafikiri ukubwa wa kiwanja ndio ukubwa wa nyumba. Changu hiki ni mita 20 kwa 25, mita za mraba 500. Niliambiwa niache mita 3 mbele, mita 3 nyuma, na mita 1.5 kila ubavu. Vipimo vyako vinaweza kuwa vingine, viulize. Sasa toa: upana 20 toa 3, unabaki na 17. Urefu 25 toa 6, unabaki na 19. Nyumba yangu lazima ilale ndani ya 17 kwa 19. Ramani niliyoinunua ilikuwa na upana wa mita 18 na ushee. Fundi akasema, "Tutaibana hivyo hivyo, bosi." Kuibana ndiyo hii kamba nyekundu.

Halafu kuna kiasi cha kiwanja kinachoruhusiwa kufunikwa na majengo. Ukiambiwa nusu, kwa kiwanja kama changu ni mita za mraba 250, na hapo jumlisha banda la uani, jiko la nje na chumba cha mlinzi. Usisahau upenu. Ukuta unaweza kuwa ndani ya mstari na bati likatoka nje yake, mvua ikinyesha maji yote yanashukia kwa jirani. Ugomvi wa namna hiyo unarithiwa na watoto.

Chora pia mahali pa chemba na shimo la maji taka. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo bwana afya atakapoweka kidole. Gari la kunyonya litapita wapi ukishajenga uzio? Shimo liko umbali gani na kisima chako, na kisima cha jirani? Mimi nilikuwa nimelificha nyuma kabisa, kwenye kona. Kwenye mchoro lilipendeza. Kumbe upande wa pili wa ukuta, hatua chache tu, mama jirani ana kisima. Mchoro ulirudi na duara jekundu.

Hatua ya tatu karibu kila mtu anairuka: mchoro wa awali. Unaruhusiwa kupeleka michoro ya utangulizi kwanza, waitazame, wakuambie kinachokubalika kabla hujalipia michoro kamili. Kurekebisha mstari wa penseli ni bure. Kurekebisha seti nzima iliyogongwa mihuri ni pesa, na mchoraji wako hatapokea simu kwa furaha.

Hatua ya nne, michoro ya mwisho. Tafuta msanifu majengo aliyesajiliwa na bodi yake, AQRB. Kama ni ghorofa, michoro ya nondo na zege iandaliwe na mhandisi aliyesajiliwa na ERB, bodi ya wahandisi, na mkandarasi awe amesajiliwa na CRB, bodi ya makandarasi. Usajili unathibitishwa kwenye bodi zenyewe, kwa hiyo kadi aliyoitoa mfukoni isikutoshe. Kuna vishoka wanaokodisha mihuri ya watu, anakuchorea asubuhi na jioni unaletewa muhuri wa mtu usiyewahi kumwona. Muhuri huo siku ukuta ukipasuka hauna mwenyewe.

Mchoro wenyewe uonyeshe nini? Nyumba kwa juu, sura zake za pande zote, na mkato unaoonyesha msingi hadi paa. Uonyeshe jengo linavyokaa ndani ya kiwanja na umbali kutoka kila mpaka. Jina la mwenye kiwanja, namba ya kiwanja na kitalu, matumizi, ukubwa kwa mita za mraba, jina na saini ya mchoraji. Jina kwenye mchoro lifanane na la kwenye hati herufi kwa herufi. Kama hati ina jina la marehemu baba, malizeni mirathi kwanza. Najua si unachotaka kusikia.

Hatua ya tano, kupeleka maombi. Halmashauri sasa zinapokea kupitia mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI. Unajisajili kwa namba yako ya NIDA, unachagua halmashauri kilipo kiwanja, unapakia nyaraka. Nyaraka za msingi ni uthibitisho wa umiliki, michoro, na risiti ya pango la ardhi iliyolipwa hadi mwaka huu. Hiyo risiti imerudisha watu wengi nyumbani, kwa hiyo lipa pango mapema. Idadi ya seti za karatasi na viambatisho vingine waulize wenyewe, maana kila ofisi ina orodha yake ukutani.

Ada unapewa namba ya malipo ya Serikali, unalipa benki au kwa simu, risiti inatoka. Mtu akikuambia "nipe mkononi nikuharakishie", huna risiti, na bila risiti hujalipa. Mnaotuma hela kutoka Muscat au London, hapa ndipo mnapoibiwa. Mwambie ndugu akutumie namba ya malipo, ulipe wewe.

Ndani ya ofisi mchoro wako unapita meza kadhaa: mipango miji wanaangalia matumizi na mipaka, mhandisi anaangalia uimara, afya wanaangalia hewa, mwanga na maji taka, na kwa majengo makubwa zimamoto nao wanahusika. Ukirudishiwa wenye maoni, usinune. Nenda na mchoraji, akae na yule aliyeandika, mtoke na jibu moja.

Wakati unasubiri, usichimbe. Usiseme ni uzio tu, uzio nao unaombewa. Kujenga bila kibali mjini ni kosa, na alama ya X ya rangi nyekundu haina mahali pa kukatia rufaa ukiwa huna karatasi.

Kibali kikitoka, kisome hadi nyuma. Kina muda wa kuanza. Na hati yako ina sharti lake la kumaliza ujenzi. Nyingi utakuta miezi 36. Sisi tunaojenga kidogo kidogo, boma mwaka huu na bati mwaka keshokutwa, tunalisahau hilo sharti. Ukiona muda unakwisha, andika barua kabla haujaisha.

Sasa hatua ya sita: ukaguzi. Wenzetu wengi kibali kikishatoka wanakitia kwenye fremu kama cheti cha ndoa. Mimi naona hapa ndipo ile ada inapokurudia. Kibali chako kinataja hatua za kumwita mkaguzi: msingi ukishachimbwa kabla ya zege, jamvi, linta, kupaua, na mwisho kabla ya kuhamia. Mwite. Andika tarehe, asaini. Zege likishamwagwa hakuna anayeweza kuhesabu nondo.

Na usiongeze kitu kisichokuwemo. Tarehe 29 Machi 2013, mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, jengo la ghorofa 16 lilianguka likiwa linajengwa, watu 36 wakafa. Kibali kilikuwa cha ghorofa 10. Wewe unajenga ya chini, sawa, lakini msingi wa nyumba ya chini ukibebeshwa ghorofa kwa sababu hela imepatikana katikati ya safari, hesabu ni ile ile. Ukitaka kubadili, rudi na mchoro mpya.

Nakala ya kibali na michoro yenye mihuri ikae hapa saiti, kwenye mfuko wa plastiki, siyo kabatini kwako. Afisa akija ukiwa kazini, fundi atoe karatasi, asikupigie simu. Yangu niliitundika kwenye msumari ndani ya stoo ya saruji, ule pale, bado upo.

Ukimaliza kabisa, omba ukaguzi wa mwisho na upewe barua ya kuruhusiwa kulitumia jengo. Mimi nilihamia kwanza, nikaiomba miezi minne baadaye, na mkaguzi alikuja akakuta mapazia yameshaning'inia. Aliangalia chemba, akapima umbali wa shimo na kisima cha mama jirani, akasaini juu ya meza ya chakula.