Gurudumu la Nyuma na Mteremko wa Magadi

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Nimeombwa nieleze siku moja ya safari ndefu ya baiskeli, nami nimechagua barabara mnayoijua: Nairobi hadi Magadi, takriban kilomita 110. Jiji letu liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Magadi iko kama mita 600. Wengi wakisikia hivyo hudhani ni safari ya kuteleza tu. Mteremko huo ndio unaoponza watu, maana kadiri barabara inavyoshuka ndivyo joto linavyopanda.

Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, kunapopambazuka, upite Rongai kabla matatu hazijajazana. Kiserian jaza maji lita 6, kwa sababu mbele maduka ni ya kubahatisha. Ukishapanda hadi Kona Baridi, Bonde la Ufa linafunguka mbele yako. Jitahidi ufike Olorgesailie, pale penye mashoka ya mawe ya kale, kabla ya saa tano. Pumzika kivulini hadi saa tisa. Sisitizo langu ni hilo: jua la utosi si la kuendeshea baiskeli katika bonde lile.

Kunywa kidogo kidogo kila robo saa, usingoje kiu. Kila lita ya maji itie vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kusawazisha, si vya kurundika. Maji ya Ziwa Magadi hayanyweki, hata ukiyachemsha.

Sasa gurudumu la nyuma, ambalo ndilo hasa lililonileta hapa. Hubeba sehemu kubwa ya uzito wako pamoja na mzigo wote wa karieri. Spoki za upande wa gia hukazwa zaidi kuliko za upande wa pili, kwa hiyo ndizo zinazokatika, mara nyingi kwenye kona yake iliyo karibu na habu, yaani kitovu cha gurudumu. Usiku wa kuamkia safari zibane mbili mbili kwa vidole, ukaze iliyolegea. Ikikatika njiani na huna kifaa cha kufungulia gia ili upitishe mpya, usiilazimishe. Legeza spoki mbili jirani za upande wa kushoto, kwa nusu mzunguko tu, rimu irudi katikati isikwaruze breki. Spoki za akiba ziwe za urefu uleule. Tofauti ya milimita chache inatosha kukuharibia.

Kwenye mteremko wa Kona Baridi, bana breki kisha achia, bana kisha achia. Ukiishikilia moja kwa moja rimu hupata moto, hewa ndani ya tyubu hutanuka, na kiraka cha zamani hubanduka.

Pancha nyingi za huko ni za miiba ya mgunga. Kosa linalorudiwa ni kubadilisha tyubu bila kupapasa ndani ya tairi. Mwiba unabaki pale pale, na tyubu mpya inatobolewa baada ya mita mia. Pitisha kitambaa ndani, kikinasa umeupata. Kwangua tyubu kwa msasa, paka solushoni, halafu subiri kama dakika 5 mpaka ikauke. Kiraka kinachobandikwa solushoni ikiwa mbichi hakishiki, na hapo ndipo haraka inapowagharimu watu. Beba tyubu 2 za akiba, za vali nene kama ya pikipiki, ili fundi yeyote wa boda boda aweze kukujazia upepo.

Karieri iwe ya chuma, kama zile za mafundi wa Kamukunji. Ya alumini ni nyepesi, nakubali, lakini ikivunjika mchomeleaji wa kawaida wa sokoni hana namna ya kuiunga.

Ukifika Magadi, jua likielekea kuzama, usilale kabla ya kufuta cheni kwa kitambaa kikavu na kuipaka mafuta kidogo. Mafuta mengi hushika vumbi, na vumbi likichanganyika na mafuta husaga cheni kama msasa. Kaza nati za karieri. Kisha zibane tena zile spoki, moja baada ya nyingine, kungali na mwanga.