Zamu ya Nani? Mazungumzo Kuhusu Michezo ya Mezani

(Mhadhara uliotolewa Mbeya, Jumamosi jioni)

Shikamooni wazee wangu. Kaka na dada zangu, na ninyi vijana mliotoka Uyole na Iyunga na mvua hii yote, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie michezo ya mezani ya siku hizi, ile ya kupanga na kupangua kwa akili, na jinsi ya kuicheza na mwenzi wako na marafiki. Ni jambo ninalolipenda sana, kwa hiyo mtanivumilia pale nitakapokawia.

Kwanza tulipe bao heshima yake. Bao la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, akaziingiza moja moja wakati wa kunamua, ndiyo hatua ya kwanza, na zikishaisha ndipo mchezo huingia kwenye mtaji, hatua ya pili. Hakuna dadu. Hakuna kitu kilichofichwa. Kila kete iko machoni pa wote, na bado mzee aliyezoea anaona mbali kuliko wewe kwa sababu amehesabu mizunguko kichwani. Yeyote aliyekalia bao au drafti ya vizibo vya soda ameshaonja mchezo wa akili, wala asikubali kuambiwa kwamba michezo ya aina hii ni ya wageni.

Ila bao na drafti ni vya watu wawili. Waliobaki wanasimama, wanatazama, wanapiga kelele za ushauri. Tena hao wawili aghalabu ni wanaume, wako kijiweni, huku mama yuko nyumbani na shemeji yuko sebuleni anatazama simu. Mimi nilikuwa natafuta mchezo wa nyumbani. Mchezo ambao nikiwa na mke wangu na jirani zetu wawili, wote wanne tunacheza tangu kete ya kwanza mpaka ya mwisho. Hilo ndilo nililolikuta kwenye michezo hii, na ndilo hasa lililonileta mbele yenu.

Wengi wenu mnaijua Monopoly, ule mchezo wa kununua viwanja na kulipishana kodi. Mnajua pia kinachotokea: mmoja anafilisika mapema, anatoka, anakwenda kuchemsha chai, na wenzake wanaendelea saa nzima bila yeye. Ujerumani walilifanyia kazi tatizo hilo. Kule michezo ya mezani ni jambo la familia, kiasi kwamba tangu 1979 hutolewa tuzo ya Spiel des Jahres, maana yake Mchezo wa Mwaka, na mjini Essen kuna maonyesho makubwa ya michezo yaliyoanza 1983. Mwaka 1995 tuzo hiyo ilikwenda kwa Catan, mchezo uliobuniwa na Klaus Teuber, mtu ambaye kazi yake wakati huo ilikuwa ufundi wa meno ya bandia.

Catan ni kisiwa cha vigae 19 vyenye pembe sita. Kuna msitu unaotoa mbao, mlima wa mawe, shamba la ngano, malisho ya kondoo, udongo wa tofali, na jangwa moja lisilotoa kitu. Unajenga barabara, nyumba na miji, na wa kwanza kufikisha pointi 10 ameshinda. Sasa tazameni ufundi wake. Dadu mbili zikirushwa na mwenzako, na jumla yake ikawa namba iliyo kwenye kigae ulichojenga jirani yake, na wewe unavuna. Si zamu yako, lakini umepata ngano. Huwezi kusinzia.

Halafu kuna kubadilishana. Barabara moja inataka mbao moja na tofali moja, na mara zote kuna mtu mwenye mbao tele asiye na tofali. Hapo meza inageuka Soko la Mwanjelwa. "Shemeji, nipe tofali, nakupa kondoo." "Kondoo mmoja? Ongeza." "Haya, wawili, lakini usimpe huyo, anakaribia kushinda." Jirani yangu mmoja anafanya biashara ya viazi. Usiku wa kwanza alikuwa hajui hata sheria tano, lakini kwenye kubadilishana alitumaliza. Alijua kungoja. Alijua kuuliza kwanza mwenzake anajenga nini, ndipo ataje bei. Ujuzi wa sokoni ulihamia mezani bila kufundishwa.

Na hesabu zipo. Vijana, sikilizeni hapa. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka. Jumla ya 2 ina njia moja tu, na 12 vilevile. Jumla ya 6 ina njia tano, 8 nayo tano, na 7 ina njia sita. Ndiyo maana 6 na 8 zimeandikwa kwa wino mwekundu kwenye Catan, na ndiyo maana 7 imekabidhiwa mwizi: ikitokea, mwenye kadi za mavuno zaidi ya 7 mkononi anarudisha nusu yake. Mwanafunzi aliyeona uwezekano ni somo gumu darasani, mkalishe mezani akiwa amejenga kwenye 12 wakati dada yake amejenga kwenye 8. Baada ya nusu saa atakuwa amelielewa somo lenyewe.

Nije kwa mwenzi, kwa sababu hapa kuna mambo ya kusemwa wazi.

Mchezo wa kwanza niliocheza na mke wangu uliishia vibaya, na kosa lilikuwa langu. Ulikuwa Pandemic, wa Matt Leacock, uliotoka 2008. Ni mchezo wa kushirikiana: ninyi wote ni kundi moja la wataalamu, kuna magonjwa manne yanaenea kwenye ramani ya dunia, na lazima mpate tiba ya yote manne kabla hayajawashinda. Mkishinda mmeshinda wote, na mkishindwa ni hivyo hivyo. Nilidhani kwa wanandoa hakuna mchezo salama kuliko huo. Nikaanza kumwelekeza. Nenda Kinshasa. Hapana, usitumie kadi hiyo, itunze. Sasa ruka Johannesburg. Zamu yake ya tatu ilipofika aliziweka kadi zake mezani, zimefunikwa, akaniambia kwa upole, "Baba watoto, cheza zote mwenyewe basi. Mimi mbona sina kazi hapa."

Maneno hayo yaliniingia. Nilikuwa nimemtoa mchezoni kwa njia ileile ya Monopoly, tofauti ni kwamba alikuwa bado amekaa kitini. Tangu siku hiyo tuna desturi nyumbani kwetu: ushauri unaruhusiwa, lakini neno la mwisho ni la mwenye zamu, na akishaligusa jambo hakuna kuguna. Tumepoteza miji mingi kwa desturi hiyo. Ila mke wangu anakaa mezani mpaka mwisho, na mara nyingi njia yake, ambayo mimi nisingeichagua, ndiyo inayotuokoa.

Mchezo uliotukutanisha kweli ni Patchwork. Uwe Rosenberg aliutoa 2014, na ni wa watu wawili tu. Kila mmoja ana ubao wa miraba 81, tisa kwa tisa, na mnanunua vipande vya kitambaa vya maumbo mbalimbali ili kuufunika kama mnashona blanketi la viraka. Pesa yake ni vifungo. Mnaanza na vifungo vitano kila mmoja.

Mke wangu ni fundi cherehani. Nilipofungua sanduku lile alicheka, akasema leo umeniletea kazini kwangu.

Kila kipande kina bei mbili: bei ya vifungo na bei ya muda. Kuna njia ya muda katikati ya meza, na aliye nyuma kwenye njia hiyo ndiye anayecheza. Mimi nilivutwa na vipande vikubwa. Ninunue kimoja, nifunike miraba mingi, nione ubao umejaa. Lakini kipande kikubwa kilinisukuma mbele sana kwenye njia ya muda, na yeye akabaki nyuma, akacheza zamu ya kwanza, ya pili, ya tatu, mfululizo, akiokota viraka vidogo vya bei nafuu. Kila kimoja alikizungusha hewani kwa vidole viwili, akakigeuza upande wa pili, akakirudisha, kisha akakilaza mahali pake bila pengo. Nikamuuliza anaonaje mbali hivyo. Akasema, "Kitambaa unakipima kabla ya kukata. Wewe unakata ndipo unapima."

Katikati ya mchezo umeme ukakatika. Tukawasha mshumaa. Rangi za vipande zilipotea, tukawa tunavitambua kwa kuvipapasa kingo. Nje mvua ya Machi inapiga bati mpaka tunasemezana kwa sauti ya juu. Tulipomaliza tukahesabu: kila mraba ulio wazi unakukata pointi mbili. Mimi nilikuwa na mapengo 11, yaani 22 zimekwenda. Yeye matatu. Hatukulala mapema usiku ule, tulirudia mara mbili. Baadaye vifungo kadhaa vya karatasi ngumu vilipopotea, alileta vya kwake vya kazini, vya plastiki na vya shaba, na tangu hapo tunalipana kwa vifungo vya kweli.

Kuhusu kufundisha wengine. Marafiki walipokuja mara ya kwanza niliwasomea kijitabu cha sheria chote, kikiwa kwa Kiingereza, nikitafsiri mstari kwa mstari. Nilipofika mwisho, wawili walikuwa wamesinzia. Siku hizi naanza na jambo moja: mshindi wa mchezo huu anapatikanaje. Halafu: zamu yako ikifika unaweza kufanya nini. Basi, tunaanza, na mengine yanafundishwa yakitokea. Raundi ya kwanza haina mshindi wala haihesabiwi. Na semeni Kiswahili jamani! Maneno tunayo tayari: kete, zamu, mtaji, ghala, kugawa, kula. Mgeni akisikia maneno hayo anajua yuko nyumbani.

Kwa kundi la wanne au watano wasiopenda kubishana bei, napendekeza Ticket to Ride wa Alan R. Moon, uliopata tuzo ile ya Ujerumani mwaka 2004. Unaunganisha miji kwa mabehewa 45 ya plastiki, na njia ya mabehewa sita inalipa pointi 15 wakati ya behewa moja inalipa moja tu. Ukishindwa kukamilisha safari uliyoahidi kwenye tiketi yako, unakatwa. Ramani yake ni ya Marekani, lakini sisi tuliokua tukisikia honi ya TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, hatuhitaji kuelezwa kwa nini njia ndefu ina thamani.

Bei ni kubwa, sitaficha, na masanduku haya hayapatikani kila duka. Nunueni watu wanne sanduku moja, lizunguke nyumba kwa nyumba. Chai na karanga ziwe kwenye stuli pembeni, kwa sababu kadi yenye mafuta inajulikana hata ikifunikwa. Na jambo moja nalisema kwa uzito: mwezi wa Juni na Julai baridi yetu mnaijua, na mkikaa muda mrefu mtatamani kuingiza jiko la mkaa na kufunga madirisha. Msifanye hivyo. Hewa ya mkaa inaua watu wamekaa wametulia. Vaeni makoti, jifunikeni blanketi, chezeni.

Nimemaliza kuongea. Nyuma ya ukumbi kuna meza tatu. Ya kwanza ina Catan, inahitaji watu watatu au wanne. Ya katikati ni Ticket to Ride. Ile ya dirishani ni Patchwork, na mke wangu ameshakaa, ameshamwaga vifungo vyake mezani. Kiti cha mbele yake kiko wazi.