Kahawa Ilikufa Kabla ya Lami

NJERI: Msikilizaji, karibu. Leo tunaongea kuhusu Barabara ya Thika, ile inayotoka Nairobi kupitia Kaunti ya Kiambu, na naanza na ubishi. Watu husema barabara hii ndiyo iliyomaliza kahawa ya Kiambu. Mimi nakataa.

OMONDI: Unakataaje, dada? Ilipanuliwa ikazinduliwa 2012, na tangu hapo miji iliyo kando yake, Ruiru na Juja, ni fleti juu ya fleti.

NJERI: Fleti zimeletwa na barabara, hapo sina neno. Lakini kahawa ilikuwa mahututi kitambo. Kulikuwa na mkataba wa kimataifa uliogawia kila nchi kiasi cha kuuza, ili bei isiporomoke. Julai 1989 mgao huo ukavunjika, kahawa ikafurika sokoni, bei ikaanguka. Kenya ilikuwa imevuna zaidi ya tani 120,000 msimu wa 1987/88. Siku hizi hata 60,000 hatufiki.

OMONDI: Na mkulima hakuruhusiwa kung'oa hivi hivi. Sheria ilimtaka apate kibali.

NJERI: Basi akapanda mahindi na maharagwe katikati ya mistari, mibuni akaiacha bila mbolea wala kupogolewa. Malipo ya ushirika yalichelewa, na yakija yamekatwakatwa. Kijana aliyemwona babake akidai pesa za kahawa ya mwaka jana, utamwambia nini akubali kurithi hiyo kahawa?

OMONDI: Ndipo dalali anabisha hodi.

NJERI: Na anakuta mlango wazi! Lami imepita, eka moja ya mibuni iliyochoka inakatwa ploti za futi 50 kwa 100, na bei ya ploti moja inashinda mavuno ya miaka. Simlaumu aliyeuza.

OMONDI: Mimi kinachoniuma ni wachumaji. Mwenye shamba aliondoka na pesa. Mchumaji je?

NJERI: Nyanya yangu alikuwa mchumaji, kwa hivyo hili nalijua. Walilipwa kwa debe. Debe likijaa hadi mdomoni, karani analitikisa, matunda yanatulia, anamwambia ajazie. Ile nyongeza haikuandikwa popote. Jioni mchumaji analala kambini, kwa nyumba ya shamba. Kwa hivyo shamba likiuzwa, kazi na nyumba vinapotea pamoja.

OMONDI: Na kuna waliozaliwa kambini humo humo. Ukiwaambia warudi kwao, kwao ni wapi?

NJERI: Hakuna. Baadhi yao leo ni vibarua wa mjengo, wanapandisha mawe pale pale walipochuma. Tatu City, ule mji mpya unaojengwa karibu na Ruiru, peke yake ni eka 5,000, na ilikuwa kahawa. Sisemi ni vibaya. Kuna viwanda, kuna shule, watu wameajiriwa. Lakini shamba la kahawa likiuzwa, mezani huketi muuzaji na mnunuzi. Mtu wa kambi hupata habari baadaye.

OMONDI: Kuna maji pia. Bwawa la Ruiru limekuwa likileta maji Nairobi miaka na miaka, na mpangaji wa Ruiru ananunua maji kwa mtungi.

NJERI: Hesabu watu kwanza. Sensa ya 2009 ilipata watu milioni 1.6 Kiambu; ya 2019 ikapata milioni 2.4. Laki nane zaidi kwa miaka kumi! Mabomba hayakukimbia hivyo. Fleti ya ghorofa sita inategemea shimo moja la choo na lori la kunyonya, na lori likikawia, mtaa wote unajua.

OMONDI: Sasa ungetaka nini kifanyike? Kahawa hairudi hapo.

NJERI: Hairudi. Lakini kugawa shamba la kilimo kunahitaji idhini ya bodi ya ardhi. Kabla bodi haijapiga muhuri, iulize maji yatatoka wapi, majitaka yataenda wapi, na watu wa kambi wanahamia wapi.

OMONDI: Na majibu yabandikwe kwa ofisi ya chifu, wenyeji wayasome kabla bikoni za mipaka ya ploti hazijachimbiwa.